Chakula cha jioni wakati wa kipupwe: mwongozo kamili wa kupanga siku 5 za kazi

Katika majira ya baridi kali jua huweza kuzama saa 10 au saa 11 jioni. Anayetoka kazini na kufika nyumbani saa 12 anakuta giza limeshatanda, vidole vimekufa ganzi na njaa imemtangulia mlangoni. Hiyo si saa ya kuulizana "leo tunakula nini?" Mwenye njaa na baridi hachagui vizuri: ama hula mkate mkavu akiwa amesimama, ama huteleka pishi litakaloiva watoto wameshalala. Mpango wa chakula cha jioni cha kipupwe una kazi moja tu, nayo ni kuhamishia maamuzi yote mchana wa siku ya mapumziko, jioni ibaki kazi ya mikono peke yake.

Vipimo vilivyomo humu ni vya watu 4. Kikombe ni mililita 250, kijiko cha chakula mililita 15, kijiko cha chai mililita 5.

Hesabu dakika kabla ya kuchagua pishi

Chukua karatasi, andika Jumatatu hadi Ijumaa. Mbele ya kila siku andika saa utakayoingia nyumbani na saa ambayo chakula ni lazima kiwe mezani. Toa tofauti, kisha punguza dakika 15 za kuvua makoti, kunawa na kukaa chini kidogo. Kinachobaki ndio muda wako halisi wa kupika, na mara nyingi ni mfupi kuliko ulivyodhani.

Utaona jioni zako ziko za aina tatu. Zipo za dakika 15, ambazo hutakiwi kukata hata kitunguu. Zipo za dakika 40 au 50, ambazo unaweza kupika kitu kibichi mradi jiko lifanye kazi kubwa kuliko wewe. Na zipo ambazo kazi iwe kupasha moto tu. Kosa linaloua mipango mingi ni kuandika mapishi matano ya dakika 40. Jumatatu hupita, Jumanne hupita, Jumatano mtu anachoka na mboga za wiki nzima zinaanza kunyauka. Katika jioni 5, angalau 2 ziwe za kupasha, na pishi jipya usilowahi kulijaribu lisizidi moja.

Panga pia kwa kufuata kinachoharibika kwanza. Kuku mbichi hukaa kwenye jokofu siku 1 au 2 tu, kwa hiyo ni wa Jumatatu. Mboga za majani laini nazo ni za mwanzo wa wiki. Kabichi, karoti, viazi na vitunguu vitakungoja hadi Ijumaa bila kinyongo.

Siku ya mapumziko: sufuria tatu

Kazi hii huchukua kama saa nne kwa saa ya ukutani, lakini mikono yako itahitajika kwa muda mfupi zaidi, kama saa moja na robo. Maharage yaloweshwe usiku uliotangulia.

Maharage. Loweka gramu 500 kwa saa 8 hadi 12. Mwaga maji, suuza, weka maji mapya yazidi maharage kwa sentimita 5. Yachemshe kwa nguvu, yakitokota hasa, kwa dakika 10 kamili au zaidi, ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive taratibu kwa dakika 45 hadi 90. Zile dakika 10 usizipunguze: maharage mekundu mabichi yana lektini inayoweza kuleta kutapika na kuharisha, na huvunjika kwa mchemko mkali tu. Jiko la umeme la kupika polepole halifikishi joto hilo kwa uhakika, hivyo maharage mabichi yasianzie humo. Watu wengi huamini chumvi hufanya maharage yawe magumu; si kweli, tia mwanzoni kijiko 1 cha chai. Vinavyoyafanya yagome kuiva ni uchachu (nyanya, limau, siki), maji yenye chokaa nyingi, na uzee wa maharage yenyewe. Kwa maji yenye chokaa, robo kijiko cha chai cha magadi soda husaidia; ukizidisha, maharage yanakuwa na ladha ya sabuni. Ukionja, onja matano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria. Moja linaweza kukudanganya. Utapata takriban kilo 1.2 ya maharage yaliyoiva.

Msingi wa vitunguu na nyanya. Hii ndiyo sufuria inayobeba wiki nzima, kwa hiyo ipe subira yako yote. Unahitaji kilo 1 ya vitunguu maji, mililita 120 za mafuta, karoti 2, punje 8 za vitunguu saumu, tangawizi kiasi cha gramu 30, makopo 2 ya nyanya ya gramu 400 kila moja, na vijiko 2 vya chai vya chumvi.

1. Katakata vitunguu na karoti vipande vidogo. Tumia sufuria pana. Nyembamba na ndefu hufungia mvuke na vitunguu huchemka badala ya kukaangika.
2. Tia mafuta, vitunguu, karoti na nusu ya chumvi. Funika kwa dakika 10 kwa moto wa wastani. Chumvi itavuta maji na vitunguu vitalegea.
3. Funua, endelea kwa dakika 20 hadi 25 ukikoroga kila baada ya dakika 3 au 4. Sauti itakuongoza: mwanzoni ni mchemko wa maji, kisha unageuka kuwa mchakarisho wa mafuta. Hapo vitunguu vinaanza kuwa na rangi ya dhahabu.
4. Tia vitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, koroga dakika 2. Vikitangulia mapema vitaungua na kuacha uchungu.
5. Mimina nyanya na chumvi iliyobaki. Pika dakika 20, mpaka mafuta yajitenge pembeni na mwiko ukipita uache njia inayochelewa kuzibika.

Mapishi mengi yanakwambia vitunguu huwa vya dhahabu kwa dakika 5. Hayo usiyaamini. Ukiongeza moto ili kuharakisha, kingo zitaungua na katikati kutabaki kubichi. Ukitia nyanya kabla vitunguu havijalainika, uchachu wake utavifanya vibaki vigumu hata ukivipika saa nzima. Ni lile lile lililowapata maharage. Mwisho wa kazi utakuwa na kama vikombe 4, na kila kikombe ni mwanzo wa mlo mmoja.

Mchuzi mzito wa nyama. Chagua kilo 1 ya nyama yenye ukano na mishipa: shingo, bega au muundi. Mnofu mtupu ni wa bei na huwa kama kamba ukiupika muda mrefu, kwa kuwa hauna kile kinachoyeyuka na kuulainisha. Kata vipande vya sentimita 4. Vidogo zaidi hukauka. Vifute kwa kitambaa safi au karatasi mpaka viwe vikavu, kwa sababu nyama yenye maji haiwi kahawia, inageuka kijivu tu. Kaanga kwa mafungu matatu, bila kuvigusa kwa dakika 3 au 4 kila upande. Toa nyama, mimina mililita 200 za maji kwenye sufuria hiyo hiyo na ukwangue ule ukoko wa chini kwa mwiko. Nusu ya ladha ya mchuzi imo humo. Rudisha nyama, tia kikombe 1 cha msingi, kijiko 1 cha chai cha chumvi na mililita 600 za maji. Moto uwe mdogo kiasi cha kuona povu moja moja likipanda juu, kwa saa 2 hadi 2 na nusu.

Sasa zingatia hili: baada ya saa moja nyama huwa ngumu kuliko ilipoanza. Nyuzi zake zimeshakaza na ukano bado haujayeyuka. Wengi hukata tamaa hapo, wakaongeza moto, na mchemko mkali ukazidi kuikausha. Iache. Kati ya saa ya pili na saa mbili na nusu ukano hugeuka kuwa utelezi unaoufanya mchuzi ung'ae na kushika kijiko. Ukitumia sufuria ya presha, dakika 35 zinatosha. Punguza maji kwa mililita 300 kwani hayapotei kwa mvuke. Viazi, kama unavitaka, viingie dakika 25 za mwisho, na chumvi ya kukamilisha ionjwe mwishoni kabisa mchuzi ukishapungua.

Kwa mwenye majiko mawili tu: maharage moja, vitunguu lingine, msingi ukiiva, nyama inachukua nafasi yake.

Jioni tano

Jumatatu, kuku na mizizi kwenye oveni. Washa oveni nyuzi 220 mara tu uingiapo, kabla hujavua koti. Kata gramu 800 za viazi na gramu 400 za karoti vipande vya sentimita 3, vipake vijiko 2 vya chakula vya mafuta na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Mapaja 6 ya kuku yenye mfupa na ngozi yafute yakauke, yapake kijiko 1 cha chai cha chumvi na kiasi kama hicho cha pilipili manga. Tumia trei mbili, moja ya kuku na moja ya mizizi, kila kitu kikae tabaka moja na nafasi ya kidole kati ya vipande. Ukirundika, maji yanayotoka yatageuka mvuke na utakula viazi vya kuchemsha. Oka dakika 40 hadi 45. Dakika ya 25 geuza mizizi na ubadilishane trei juu na chini. Kuku ameiva pale kipimajoto kikichomwa sehemu nene, bila kugusa mfupa, kinasoma nyuzi 74. Rangi ya maji yanayotoka si ushahidi wa kutosha.

Viazi vikibadilika kuwa kahawia mno na kuwa na utamu wa ajabu, huenda vilikaa kwenye jokofu au kwenye ghala lenye baridi kali. Kwenye baridi ya aina hiyo wanga wake hugeuka sukari. Viweke mahali pa giza, pa ubaridi wa wastani, mbali na vitunguu.

Jumanne, supu ya dengu nyekundu. Hizi ni zile dengu ndogo zilizokobolewa, wengine huziita adesi, na hazihitaji kulowekwa. Suuza gramu 300 mpaka maji yapungue uweupe. Wakati huo birika liwe linachemsha lita 1.2 za maji. Ukianza na maji baridi unapoteza dakika 8 bure. Pasha kikombe 1 cha msingi kwenye sufuria pamoja na kijiko 1 cha chai cha jira ya unga na nusu kijiko cha bizari ya manjano, kwa dakika 1, tia dengu na maji, engua povu, kisha acha itokote taratibu dakika 15 hadi 18. Koroga kwa nguvu kwa mchapo, haihitaji mashine. Chumvi, kijiko 1 na nusu cha chai. Kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau kiingie moto ukishazimwa.

Juu yake tengeneza mafuta ya kuungia, yanayoifanya supu ya maskini iwe ya mgeni. Pasha vijiko 2 vya chakula vya mafuta kwenye kikaango kidogo, tupia kijiko 1 cha chai cha jira nzima. Ikianza kucheza na kunukia, kama sekunde 20, tia punje 2 za vitunguu saumu zilizokatwa nyembamba. Kingo zikianza tu kuwa za dhahabu, epua na umimine. Usingoje ziwe kahawia ukiwa bado motoni: mafuta huendelea kupika yakiwa nje ya jiko, na vitunguu saumu vilivyoungua huharibu sufuria nzima. Supu ikilala itakuwa nzito kama uji. Mililita 200 za maji huirudisha.

Jumatano, mchuzi wa nyama. Umeshaiva. Kwenye jokofu mafuta yake yameganda juu kama kifuniko, yaondoe kwa kijiko kadiri upendavyo. Pasha kwa moto mdogo mpaka utokote kabisa, na wakati huo pika wali au chemsha viazi. Mchuzi wa namna hii huwa mtamu zaidi baada ya siku mbili kuliko siku ulipopikwa, kwa hiyo usione aibu kuupa wageni.

Alhamisi, maharage na kabichi. Kikombe 1 cha msingi, lita 1 ya maji pamoja na maji ya maharage, karoti 2. Zikilainika, ponda kikombe 1 cha maharage yaliyoiva na uyatie pamoja na mengine vikombe 2. Yaliyopondwa ndiyo yatakayoipa supu uzito. Kabichi robo, iliyokatwa nyembamba, iingie dakika 8 za mwisho. Ikipikwa nusu saa inatoa ile harufu ya salfa inayokaa ndani ya nyumba hadi kesho, na madirisha ya kipupwe hayafunguliwi hovyo.

Ijumaa, mayai ndani ya nyanya. Jioni ya uchovu mkubwa kuliko zote ipewe chakula rahisi kuliko vyote. Pasha kikombe cha mwisho cha msingi na robo kikombe cha maji kwenye kikaango, toboa mashimo 6 kwa kijiko, pasulia yai kila shimo, funika dakika 5 hadi 7. Mkate pembeni. Basi.

Kupoza, kuhifadhi, kupasha kiporo

Baridi ya nje inawafanya watu wazembe na kiporo. Sufuria inaachwa jikoni usiku kucha kwa kuwa "hali ya hewa yenyewe ni friji", au inawekwa roshani. Jikoni kuna joto la watu na la jiko. Roshani nayo hupigwa na jua mchana, na joto lake hupanda na kushuka bila kukupa taarifa, achilia mbali paka. Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huzaliana haraka, na chakula kinaweza kuwa kibaya kabla hakijachacha wala kunuka.

Gawa chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, na kiingie jokofuni ndani ya saa 2 tangu kuepuliwa. Sufuria nzima ya lita 4 ikiingia ikiwa moto, katikati yake hukaa vuguvugu kwa masaa. Jokofu liwe nyuzi 4 au chini yake, na kiporo kiliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Wali unataka uangalifu wa ziada, kwa kuwa una vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa na sumu yake haiondoki kwa kupasha. Upoze upesi, na kiporo chake ukipashe mara moja tu.

Kwa hesabu hiyo, msingi na maharage ya Alhamisi na Ijumaa viende kwenye friza siku ile ile ya mapumziko, kisha vihamie jokofuni siku moja kabla, asubuhi. Acha nafasi ya sentimita 2 juu ya chombo: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na hupasua kioo. Andika jina na tarehe, maana baada ya wiki mbili vyakula vyote vyekundu hufanana. Viazi vya kwenye mchuzi, pasta na vyakula vya krimu haviipendi friza. Toa sehemu ya kugandisha kabla hujaviongeza.

Chakula kikitoka kibaya

Mchuzi ukiwa chapwa, usikimbilie viungo zaidi. Ongeza chumvi kidogo kidogo, onja. Bado ukiwa umepooza, tia kijiko 1 cha chai cha siki au maji ya limau. Vyakula vizito vya kipupwe mara nyingi hukosa uchachu, na kijiko hicho kimoja huamsha kila kitu. Ukishazidisha chumvi, ongeza maji na kitu kisicho na chumvi, kama maharage au dengu. Kiazi kinachotupwa kizima ndani hakichagui kunyonya chumvi; kinanyonya maji yenye chumvi, basi, na mchuzi unabaki vile vile.

Kikiungua chini, usikoroge wala kukwangua. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, onja, ndipo uamue. Krimu au maziwa yakikatika, yaliingia kwenye mchuzi mchachu ukiwa unachemka. Siku nyingine yatie ukishaepua.

Na jambo moja la uhai: usiingize jiko la mkaa ndani kwa ajili ya kupika au kuota moto, wala usiwashe oveni ya gesi na kuiacha wazi ili chumba kipate joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na nyumba iliyofungwa madirisha yote huijaza haraka. Kwa mvuke wa kawaida, vifuniko juu ya sufuria na dirisha lililoachwa wazi upenyo wa vidole viwili vinatosha kuzuia kuta kulowa na kuota ukungu.

Rafu ya akiba

Ipo siku gari litakwama, mtoto ataumwa, na mpango hautafuatwa. Tenga sehemu ya kabati yenye gramu 500 za dengu nyekundu, makopo 2 ya nyanya, makopo 2 ya maharage, pasta gramu 500, vitunguu saumu na mafuta. Kwenye friza weka mkate uliokatwa na njegere gramu 500. Hivyo vinatoa milo mitatu bila kutoka nje. Ukichukua kitu, kiandike kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati usiku huo huo, kabla hujaosha vyombo.